Mkono wa Kaltumi

Wanaume wa mtaa wetu wa Namuwongo wakisimulia habari ya Mwalimu Tarcisio huanzia kwenye lori la Fadhul na kumalizia kwenye lori la Fadhul, na Fadhul mwenyewe hukaa pale akitikisa kichwa kwa unyenyekevu wa uongo, utadhani lori lile alilizaa yeye. Mimi huwaacha wajifurahishe. Lakini leo zamu ni yangu. Naitwa Aoko, mke wa fundi wa reli, na nilikuwapo. Lori lilimbeba mtu, sikatai. Kubeba si kuongoza. Hata gunia la simsim hubebwa. Aliyemwongoza Mwalimu ni mke wa Fadhul, Kaltumi binti Abudu, kwa mkono wake wa kulia, na habari yenyewe inaanzia kwenye mkono huo.

Kaltumi alikuwa Mnubi wa Bombo, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kunyamazisha soko. Babu yake alikuja Uganda na wale askari wa Kisudani walioletwa na wakoloni, jambo alilolitaja kila alipotaka kukaa kiti cha mbele. Siku za kazi aliuza simsim na karanga katika soko la Owino. Lakini ukimuuliza kazi yake hakutaja simsim. Alikwambia, "Mimi napeleka maharusi."

Wanubi wa kwetu hawamwachi bibi harusi aende kwa mumewe kama mtu aliyetumwa chumvi. Hufunikwa shuka kuanzia utosini hadi chini, haoni, hasemi, na hushikwa mkono na mwanamke mmoja anayeijua kazi hiyo. Njiani uso haufunuliwi. Mwanamume akiligusa shuka lile ameutukana ukoo mzima, na watu wameshawahi kutoana meno kwa sababu hiyo. Mwenye kumshika mkono bibi harusi ndiye pia anayeanzisha nyimbo, anachagua njia na kumfukuza mlevi anayetaka kucheza mbele. Kaltumi alifanya yote hayo bila kutokwa jasho. Alisema na bibi harusi kwa kiganja tu: akibonyeza kidole gumba, inua mguu, kuna kitu, akivuta kidogo, twende, akikaza vidole vyote, simama wala usipumue. Hakuna bibi harusi aliyewahi kujikwaa mkononi mwake, na alihakikisha kila mtu analijua hilo.

Kiingereza alikianza kwa hasira. Fadhul alipokuwa akirudi kutoka safari zake za Kenya alimsemesha Kiingereza cha maafisa wa mpakani, kisha anacheka peke yake hadi anakohoa. "Cheka," Kaltumi akamwambia. "Nitakisoma hicho chako, halafu nikutukane nacho."

Ndivyo alivyojiunga nasi katika darasa la Mwalimu Tarcisio Odoch. Mwalimu alikuwa Mwacholi, sajini wa polisi aliyefundisha makuruta kusoma na kuandika mpaka serikali ya kijeshi ilipoanza kuwafukuza watu wa kaskazini. Akapanga chumba Namuwongo, ukuta mmoja na cha Kaltumi, akatufundisha wanawake kila Jumamosi alasiri uani kwake. Ubao wetu ulikuwa mlango wa lori kuukuu la Fadhul, uliopakwa masizi.

Mwalimu alikuwa na mtindo wake. Kitenzi, alisema, hakikai kichwani mpaka kimetendwa. Tukisoma kitenzi cha kufua, tulifua. Cha kufagia, tulifagia. Cha kupika, tukapika. Baada ya muda Kaltumi akaangalia chumba cha Mwalimu kinavyong'aa na mashati yake yalivyoanikwa, akauliza kama Kiingereza hakina kitenzi cha kupumzika. Mwalimu alicheka mpaka chaki ikamwanguka. Tangu siku hiyo kila tulichotenda sisi, alikitenda na yeye.

Kulikuwa na sharti moja: huondoki kwenye kitenzi mpaka umekitenda na umekitamka katika sentensi yako mwenyewe, mbele ya wote. Kutenda, Kaltumi alitushinda sote. Kutamka, hapana. Mdomo ule uliotisha Owino nzima, Kiingereza kikifika unafunga kama duka la Ijumaa. Alisimama, akatazama juu, akakaa. Nami namjua, ilimuuma.

Siku moja Mwalimu akaandika ubaoni kitenzi kinachosomwa "lidi", akakizungushia duara. Kuongoza, alisema. Tukadhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Ukimvuta mbuzi kwa kamba, Mwingereza anatumia neno hilohilo. Katekista akiwa mbele ya maombi, hilohilo. Timu ikitangulia kwa bao, hilohilo. Jambo moja likizaa lingine, hilohilo. Hata kuishi tu, mtu kula na kulala na kuzeeka, Mwingereza anasema mtu huyo anaongoza maisha.

"Kwa hiyo mimi naongoza maisha yangu?" aliuliza Zulaika, jirani yetu.

"Kwa Kiingereza, ndiyo."

"Basi Kiingereza hakimjui mume wangu."

Kaltumi akasema lugha hiyo ni ya mabahili, neno moja linatumwa kazi za nyumba nzima. Mwalimu akaendelea kwamba hata barabara huongoza, maana yake inakufikisha mahali, akaomba mfano. Alum, mwenzetu wa kabila la Lango, ambaye mume wake polisi alichukuliwa mchana kweupe na gari lisilo na namba, akainua mkono. Akasema taratibu, kwa Kiingereza safi, kwamba barabara hii inaongoza Makindye.

Makindye kuna kambi ya jeshi, na kuna gereza ndani yake, na kila mmoja wetu alimjua mtu aliyeingia humo. Mwalimu akalifuta jina kwa kiganja, akaandika Jinja. Nami nikaogopa, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumwona akifuta sentensi isiyo na kosa.

Kisha tukatenda. Mmoja alifungwa kanga machoni, mwenzake akamwongoza kuzunguka ua hadi bombani na kurudi. Mwalimu naye alitaka zamu, akaangukia mikononi mwa Kaltumi. Mtu aliyezoea kutangulia mbele ya makuruta! Alimburura Kaltumi badala ya kufuata, akapiga hatua za gwaride, akajitia kwenye kamba ya nguo na kuondoka na gauni la Zulaika shingoni.

"Mwalimu," Kaltumi akasema akimfungua kanga, "wewe unajua kuongoza tu. Kuongozwa hujui. Au hiyo si Kiingereza?"

"Ni Kiingereza," alikiri.

"Basi ujifunze."

"Nitajifunza. Na wewe sentensi yako bado, Mama Kaltumi."

Mwaka ule, sabini na saba, Waacholi na Walango walikamatwa kama kuku wa mnada. Jumamosi moja tulikuwa tumekaa uani tukimsubiri Mwalimu afute ubao, mara Zulaika akaingia mbio kutoka njia panda ya reli. Askari wameweka kizuizi pale, alisema, na wengine wako upande wa bwawa, wanakuja nyumba kwa nyumba. Wanamtafuta Odoch, polisi wa zamani. Wanamtaja kwa jina.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni. "Nendeni nyumbani, akina mama," alisema. "Nitakwenda kwao mwenyewe, wasije wakawakuta hapa nami."

"Kaa chini," Kaltumi alisema.

Ng'ambo ya reli, kwenye viwanda vya Industrial Area, Fadhul alikuwa akipakia lori, aondoke alasiri hiyohiyo kwenda Busia. Kati ya Mwalimu na lori kulikuwa na kizuizi tu, na hakukuwa na njia nyingine. Kaltumi alitoka, akarudi na kapu lake la harusi. Akakunjua shuka.

Mwalimu alielewa kabla yetu, akarudi nyuma. "Mimi ni sajini wa polisi. Nivikwe kama mwari?"

"Utavikwa kama bibi harusi wa Kinubi," Kaltumi alimjibu, "na hiyo ni heshima ambayo hujafanya lolote kuistahili. Vua viatu."

Tulimvika. Tulimfukiza udi mpaka akapiga chafya, maana alinuka tumbako. Urefu ulikuwa taabu: akisimama wima alikuwa bibi harusi wa kuezekea nyumba. Kaltumi akamwamuru akunje magoti chini ya shuka, kisha akanitazama mimi na Alum, sisi wa jamii za Kiluo wenye miguu mirefu, akatuweka kila upande wa Mwalimu ili asichomoze peke yake. Nyayo nazo zilikuwa nyayo za polisi, pana kama sahani. Zulaika na wengine wakapewa kazi ya kutandika kanga mbele ya miguu na kuziokota nyuma, wakiinama na kumzonga, asionekane hata ukucha.

Nilimnong'oneza Alum abaki. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Lango, mjane wa mtu waliyemwua. Angeulizwa jina tu, kwisha.

"Walipomchukua mume wangu sikushika mkono wa mtu," alisema. "Leo nashika." Akajitanda kanga kichwani, akapiga kigelegele cha kwanza. Kigelegele kile nakisikia mpaka leo.

Tukatoka. Kaltumi aliushika mkono wa Mwalimu, akaanzisha wimbo kwa Kinubi, nasi tukaitikia. Mimi sijui Kinubi. Niliitikia "eee" kwa nguvu kuliko wenye lugha yao. Njia nzima nilitazama ule mkono. Watu walitoka milangoni, wengine wakajiunga kucheza bila kujua wanamsindikiza nani. Nilitaka kukimbia, nasema kweli. Nilitaka kuachia kanga nikimbie mpaka Tororo kwa mama yangu. Lakini Kaltumi alikwenda polepole, kwa madaha yake yote, kwa sababu harusi inayoharakishwa ina kasoro na kila mtu anajua hivyo.

Kwenye kizuizi askari kijana akanyoosha bunduki. "Simama! Hii maneno gani?"

Nyuma yake akatokea sajenti, Dawudi, kijana wa Bombo. Alipomwona Kaltumi akatabasamu. "Mama Kaltumi! Hii harusi ya nani? Mbona mimi hapana sikia?"

"Utasikia wapi, na wewe kila siku iko na bunduki?" Kaltumi alimjibu. "Wacha tupite, mwanangu. Jua inaenda, watu ya bwana harusi inangoja."

Dawudi alikuwa tayari kutupisha. Yule kijana ndiye aliyekataa. "Afande, amri inasema kila mutu aonyeshe uso." Akanyoosha mkono kuelekea shuka.

Nilimwona Mwalimu akitaka kwenda. Bega lilitangulia, kama siku ile ya kamba ya nguo; nadhani alitaka kujitoa kwao, atuokoe. Vidole vya Kaltumi vikakaza vyote kwa pamoja. Mwalimu akasimama. Jasho lilidondoka kutoka ndani ya shuka likaloanisha kanga yangu.

Kaltumi hakupandisha sauti. "Dawudi. Bibi yako, nani alimuleta?"

"Wewe, Mama."

"Nilimushika hii mukono, kutoka kwao mupaka mulango yako. Iko mwanaume alifungua uso yake njiani?"

"Hapana."

"Basi ambia huyu mutoto."

Dawudi akaupiga ule mkono wa kijana ukaenda pembeni. "Wewe hapana zaliwa na mama? Hiyo shuka mwanaume hapana gusa!" Na kwa vile alikuwa ameona haya mbele ya mwanamke aliyemletea mke, akataka kufidia. Akatangulia mbele yetu mwenyewe, bunduki mgongoni, akiwafukuza watu njiani: "Pisha! Pisha bibi harusi!"

Hivyo tulivuka reli, jeshi likituongoza. Kaltumi alibonyeza kidole gumba, Mwalimu akainua mguu, akavuka chuma cha kwanza. Akabonyeza tena, akavuka cha pili. Haoni, magoti kayakunja, miguu peku juu ya kokoto, na hakujikwaa. Yule yule aliyeshindwa na kamba ya nguo! Nilikuwa nalia na kuitikia "eee", na askari walidhani nalia kwa ajili ya harusi.

Nyuma ya ghala Kaltumi alimfunua. Mwalimu alikuwa na machozi na udi puani. Akavaa ovaroli la taniboi, msaidizi wa dereva, akapanda juu ya magunia, na hapohapo, mkaidi katika ualimu wake, akageuka. "Mama Kaltumi, umetenda. Sentensi bado."

"Nenda, Mwalimu. Utaisikia ukirudi."

Fadhul alichepuka, akamfikisha kwetu Tororo, kaka zangu wakampitisha njia za magendo hadi Kenya. Hapo ndipo lori linapoingia, na hapo ndipo linapotoka. Sisi tulirudi. Kaltumi alikaa kwenye kizingiti chake, vidole vya mkono wa kulia vimekunjana, havifunguki. Nilivikanda kwa mafuta ya simsim kimoja kimoja. Dawudi alipomuuliza siku nyingine bibi harusi anaendeleaje, alimjibu kwamba ameolewa mbali lakini mume ni mtu mwema.

Utawala ule ulianguka mwezi wa nne mwaka sabini na tisa, na mambo yakageuka juu chini. Sasa waliotafutwa ni Wanubi, kwa kuwa wengi wao walikuwa katika jeshi lile. Aliyekuwa askari na asiyekuwa askari, mwuza simsim na mwenye bunduki, wote walihesabiwa kundi moja. Hata Kiswahili chetu kiligeuka hatia, kwa sababu jeshi lile ndilo lililokisema. Ukimwamkia mtu kwa Kiswahili anakutazama kama mwuaji. Fadhul alikuwa amekwama Kenya. Watu walibeba mali ya Kaltumi mpaka sufuria, na kijana mmoja niliyempikia chai miaka yote akasema mbele yangu kwamba kesho ni zamu ya mwenyewe. Nilimficha Kaltumi chumbani kwangu. Hakulia. Alikaa na kapu lake la harusi mapajani, akilikunja shuka na kulikunjua.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Mwalimu Tarcisio, amekonda, mvi zimemwingia, amevaa sare mpya ya polisi. Hakuamkia. Alisema, "Nimekuja kuchukua sentensi yangu."

Kaltumi akainuka. Mwalimu akanyoosha mkono wa kulia. Kulikuwa na nyumba ya masista kilimani iliyowapokea watu, akasema, ila njiani kuna kizuizi. "Leo mimi naongoza."

"Usiniburure tu," Kaltumi alisema, akampa mkono.

Nilifuata nyuma na kapu. Watu walisimama milangoni, safari hii bila kigelegele. Wengine walitema mate chini. Mwalimu alikwenda polepole, kwa madaha, kama mtu aliyefundishwa.

Kizuizini kulikuwa na afisa aliyerudi kutoka uhamishoni, Mganda mwenzetu, hasira zimemjaa machoni. Nilipoanza kueleza kwa Kiswahili akaninyamazisha kwa mkono. Akamtazama Kaltumi, kisha akamuuliza Mwalimu kwa Kiingereza: huyu mwanamke ni nani? Mwalimu akafungua kinywa.

Kaltumi akamtangulia. Kichwa juu, mkono wake ndani ya mkono wa Mwalimu, kwa sauti ile ya Owino, kwa Kiingereza, kila neno likitoka peke yake kama simsim inayopimwa: "I lead this man. Now he lead me."

Afisa alimtazama Mwalimu. Mwalimu, aliyekuwa hasamehi kosa hata la nukta, alikuwa analia wazi mbele ya askari na hakusahihisha kitu. "Ndivyo ilivyokuwa, bwana," alimwambia kwa Kiingereza. "Nisingekuwa hai."

Afisa akasogea, akatupisha njia. Kaltumi akapita, akageuka, akanitafuta kwa macho.

"Aoko," aliniita, "umesikia? Mwambie Fadhul."

Nimemwambia. Bado anasimulia habari ya lori.